Ndoa ya Safari

Kama kuna mwanamke mwingine katika Thika hii aliyewahi kumenya vitunguu saumu vya harusi ya mpenzi wake mwenyewe, naomba anitafute, tukae chini tulie pamoja. Mimi nilimenya bakuli zima. Tena nilimenya nikiimba.

Sele aliniambia ni dua. "Dua ya safari tu, Nyawira. Mama anaita majirani wachache, wanasoma, wanakula, wanaenda zao. Usijisumbue kuja. Si Jumapili una kanisa?" Alisema hivyo akiwa ameegemea lango la kiwanda cha nguo ninakofanya kazi, akinitazama kwa yale macho yake mazito, macho ya mtu aliyetoka kuamka, ambayo yamenifanya mjinga tangu siku ya kwanza nilipomwona akishuka kwenye lori la marobota. Jumatano ile angepanda ndege kwenda Jeddah kuendesha gari la tajiri mmoja. Miaka miwili. Sasa niambie, mwanaume wako anaondoka miaka miwili, wewe usiende kumwombea kwa sababu ya kanisa? Kwani Mungu anakaa kanisani kwetu Ngoingwa peke yake?

Nikatoka ibada ya kwanza kabla ya matangazo. Nikabeba nduma za shamba la baba na kichana cha ndizi, nikateremka mpaka Kamenu, kwa kina Sele, kwa miguu, viatu vya kisigino mkononi, roho juu. Nilitaka nimwone. Huo ndio ukweli, mambo ya kuomba yalikuwa baadaye.

Nilipofika nilishangaa kidogo. Majirani wachache gani hawa? Turubai lilikuwa limefungwa kutoka ukuta mpaka ukuta, masufuria yale ya kukodi yamekaa juu ya mawe, na wanawake wamejaa uwanjani na leso zao mpya. Mama Sele, mama mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa zamu, aliniona nimesimama langoni kama mtu aliyeitwa polisi.

"Nani huyo? Aa! Yule msichana wa kiwandani!" akaita. "Karibu mwanangu. Umeleta nduma? Umefanya vizuri. Haya, viatu weka pale, shika kisu. Nyumba ya shughuli haina mgeni."

Basi ndivyo nilivyokaa kwenye kigoda katikati ya wanawake watano, nikamenya. Mmoja alianzisha wimbo, wengine wakaitikia, wakapiga vigelegele mpaka masikio yangu yakalia. Nikajiuliza, vigelegele kwa dua? Halafu nikajijibu mwenyewe, maana mimi ni mwepesi wa kujijibu. Nikasema labda hawa wenzetu Waislamu wanaombea safari kwa furaha. Sisi kwetu tukimwombea mtu anayeenda ng'ambo tunalia utadhani tunazika, labda wao wana akili zaidi. Nikaitikia wimbo. Maneno sikuyajua yote, lakini sauti ninayo, waulize kwaya yetu.

"Haiya! Huyu Mkikuyu anaimba!" mama mmoja akanisifu, akanipiga bega.

Nikacheka. Ngai, nilicheka kweli.

Kisha honi ikalia nje. Gari moja jeupe, Pijo, lililofungwa riboni likaingia mpaka karibu na turubai, na uwanja wote ukasimama. Mlango ukafunguliwa, akashuka msichana mwembamba amefunikwa mtandio usoni, mikono yake imechorwa hina mpaka kwenye viwiko. Vigelegele vikapasua anga.

"Wanatoka Ruiru hao," jirani yangu akasema akifuta mikono. "Nikah ilisomwa Ijumaa kwao, leo ndiyo analetwa. Msichana mzuri, ati ni fundi wa nguo."

"Ni harusi ya nani?" nikauliza.

Aliniangalia kama mtu anayeangalia mlevi asubuhi. "Ya nani? Si ya Sele! Kwani unapikia nani, dada?"

Nilisikia hayo maneno, lakini yalikuwa kama yamesemwa kwa mtu mwingine aliyekaa nyuma yangu. Nikageuka hata, nione kama yuko. Hakuna mtu. Kisu kilikuwa bado kinakata hewa tu mkononi. Nikaangalia lile bakuli, jeupe pe, limejaa mpaka juu, kazi yangu mwenyewe.

"Sele yupi?" nikauliza tena, kama mpumbavu.

Hakunijibu, alishakimbilia gari. Aliyenijibu ni mkono ulionishika bega kutoka nyuma. Ulikuwa mkono wa Zahra, dada yake Sele, rafiki yangu, mtu ninayemwambia mambo ambayo hata mama yangu hayajui. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Nyawira. Nani alikuambia uje?"

"Zahra, huyo ni nani?"

"Simama. Twende ndani."

"Huyo ni nani, Zahra?"

"Twende ndani, nakuomba, kabla mama hajaona uso wako."

Alinivuta mpaka chumba cha stoo, kile cha nyuma ambako walikuwa wameweka magunia ya mchele na soda. Akanikalisha juu ya gunia. Nikakaa, na mimi si mtu wa kukalishwa. Pale kiwandani naitwa Nyawira Moto. Msimamizi mwenyewe huniogopa.

"Nilijua juzi tu," Zahra akasema. "Wallahi ni juzi. Nikamwambia asipokuambia yeye nitakuambia mimi. Akaniapia ameshakuambia, ati umeelewa."

"Nimeelewa nini? Mwite."

"Nyawira, kuna watu..."

"Mwite Sele, Zahra, ama nitoke nimwite mwenyewe. Na unajua sauti yangu."

Akaenda mbio.

Sele aliingia na kanzu nyeupe na kofia, amenyoa vizuri, ananukia udi. Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichowaza ni kwamba alikuwa mzuri. Moyo ni mnyama wa ajabu, hata ukichinjwa unatazama aliyeshika kisu ukasema ana mkono mzuri. Alisimama mlangoni, akanitazama, na yale macho mazito yakafunguka mpaka mwisho.

"Nyawira. Nilikuambia usije."

"Hilo ndilo neno lako la kwanza?"

"Hapana. Ngoja. Si vile unavyofikiria."

"Mimi sifikirii chochote, Sele. Nimemenya vitunguu. Wewe ndiye umevaa nguo za bwana harusi, sasa wewe uniambie mimi nifikirie nini."

Akafunga mlango nyuma yake. Akainama mbele yangu, akataka kunishika mikono, nikaiondoa.

"Sikia. Ni ya safari tu. Ni karatasi," akasema haraka haraka. "Yule ajenti, Zaid, alikuwa na nafasi moja. Tajiri anataka dereva na mkewe, dereva wa gari na mama wa kufanya kazi ya nyumba, wakae kwake pamoja. Hataki dereva peke yake, hataki kijana asiye na mke karibu na mabinti wake. Na lazima wawe Waislamu. Zaid akasema anajua msichana Ruiru anatafuta kwenda, baba yake hamruhusu kusafiri bila mume. Akatuunganisha. Watu wengi wanafanya hivyo, Nyawira! Tunafika kule, kila mtu anafanya kazi yake, analala kwake. Miaka miwili ikiisha tunarudi, namuacha, nakuoa wewe. Hata mkono wake sijagusa."

"Na ulikuwa uniambie lini?"

"Nikifika. Ningekupigia simu."

"Kutoka Jeddah."

"Ndiyo."

"Ungenipigia simu kutoka Jeddah uniambie, hallo mpenzi, huku jua ni kali, halafu nina mke."

Akavua kofia, akaivaa tena. Nje wanawake walikuwa wanapiga dufu, ardhi yenyewe inadunda.

"Mimi nimekaa nyumbani mwaka mzima," akasema kwa sauti ya chini. "Tangu kiwanda kipunguze watu. Unajua. Hakuna mtu Kenya hii anayenunua kitambaa kipya, kila mtu anavaa mitumba. Unataka nifanye nini? Nioshe magari ya watu pale stendi mpaka nizeeke?"

"Sikuulizi habari ya kazi. Nenda hata mwezini. Nakuuliza habari ya mke." Nilikuwa nimesimama sasa. "Walipotaka mke, Sele, mbona hukuniuliza mimi?"

"Wewe?"

"Mimi! Kwani mimi siwezi kufagia nyumba ya Mwarabu? Mimi sina mikono?"

"Wewe ni Mkristo."

"Na ukaniuliza, nikakataa?"

"Baba yako alikataa!" Ikamtoka kwa nguvu, kama mtu aliyeiweka mdomoni kwa muda mrefu. "Nilienda kwa baba yako, Nyawira. Kabla ya Pasaka. Nilivaa suti ya Zaid. Aliniweka kwenye kiti kizuri, akaniletea chai mwenyewe, akangoja nimalize kikombe. Halafu akaniambia, 'Kijana, huna ubaya. Lakini mimi ni mzee wa kanisa. Siwezi kukaa pale mbele na msichana wangu amefunika kichwa anaenda msikitini. Kama unampenda, muache apate mtu wa kwao.' Akanisindikiza mpaka barabarani. Akanipa mkono."

Baba yangu. Mzee Gathogo, ambaye kila jioni huniuliza kama nimekula, na huniwekea kipande cha nyama hata kama mimi mwenyewe nimesema sitaki. Tangu Pasaka ameniangalia machoni kila siku ya Mungu. Hakusema neno. Nikarudi nikakaa juu ya gunia.

"Na wewe hukuniambia hilo pia," nikasema.

"Nilijua utagombana naye."

"Ningegombana naye! Ndiyo, ningegombana naye mpaka paa liondoke! Huyo ni baba yangu, hiyo ni kazi yangu! Nani alikutuma unipunguzie kazi?" Machozi yalikuwa yanakuja na nilikuwa nayachukia. "Sele, muulize dada yako. Muulize Zahra nilikuwa nafanya nini kwake kila Alhamisi."

Zahra alikuwa amefungua mlango kidogo, amesimama pale.

"Ni kweli," akasema. "Nimemfundisha kutawadha. Anajua Fatiha yote. Alitaka akuambie siku ya kuzaliwa kwako."

Sele alimwangalia dada yake, akaniangalia mimi. Sijawahi kuona uso wa mtu ukiporomoka namna ile.

"Fatiha?" akasema.

"Bila kukwama," nikasema. "Nilikuwa nakungoja wewe useme tu, twende. Baba angenuna mwaka, miaka miwili, halafu angetaka kuona mjukuu. Namjua. Wewe ungesema tu."

"Nyawira..."

"Usiniite."

Hapo ndipo tuliposikia mtu amekohoa. Sio Zahra. Nyuma ya Zahra, pale kwenye ukumbi mwembamba, alikuwa amesimama yule msichana na mtandio wake, na nyuma yake Mama Sele na wanawake wawili waliokuwa wakimpeleka chumba cha bibi harusi. Stoo na hicho chumba ni mlango kwa mlango. Nyumba za Kamenu hazijui siri.

"Naomba kuuliza," msichana akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Mimi ni Amida. Nimesikia neno karatasi. Nimesikia vizuri?"

Akamgeukia Sele.

"Kaka Sele. Baba yangu aliposhika mkono wako Ijumaa, akasema nimekuozesha binti yangu Amida, ukasema nimekubali. Ulikuwa unakubali nini?"

"Dada, Zaid alisema umeelewa," Sele akasema. "Alisema wote tunajua ni kwa ajili ya safari. Mimi sikutia nia ya ndoa. Nilitamka tu."

"Ulitamka tu!" Mama Sele akapaza sauti, akajishika kifua. "Astaghfirullah! Mtoto wangu, wewe umesoma madrasa ya nani? Kuoa kuna kutamka tu? Mbele ya walii na mashahidi? Kuoa na kuacha hakuna mchezo, ukisema kwa mzaha limekwisha kuwa. Huyu ni mkeo. Mimi nimechinja mbuzi, nimeita watu, unaniambia nimewaita kula karatasi?"

"Mama, nilijua ungekataa nikikuambia."

"Kila mtu ulijua angekataa," nikasema. "Ni maajabu, hukuuliza hata mmoja."

Amida hakunigeukia. Alikuwa bado anazungumza na Sele, polepole, kama mtu anayeeleza mteja kwa nini nguo haikumtosha.

"Mimi nashona pale Ruiru. Mitumba imenimaliza, hakuna anayeleta kitambaa. Nimemwomba baba ruhusa ya Uarabuni miaka mitatu, anasema binti yake haendi nchi ya watu bila mume. Zaid akakuleta. Nikachungulia kwenye pazia, nikakuona umeketi, umevua kofia, unajifuta jasho. Nikasema huyu anaonekana mtu. Nikamwambia baba nimeridhika. Hakuna mtu aliyeniambia mimi ni mke wa safari."

Nilitaka kumchukia, wallahi nilijaribu. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia tangu aliposhuka kwenye gari. Lakini utamchukiaje mtu aliyeingia kwenye shimo lile lile, tena kwa mguu ule ule?

Mama Sele alikuwa amejikusanya. Alikuja mpaka kwangu, akanishika kiwiko, si kwa ubaya.

"Mwanangu, sikujua. Haki ya Mungu sikujua kama mlikuwa na mambo. Lakini limeshakuwa. Watu wako nje, wakwe wako njiani. Nenda kwenu, mwanangu. Mke ni huyu."

"Sawa, Mama," nikasema. Nikajifuta uso kwa kiganja, na macho yakawaka zaidi kwa vile vitunguu. "Mke ni huyu. Mimi nilikuja kupika."

Nikapita katikati yao. Nilikuwa nimefika mlangoni niliposikia Sele anakuja nyuma yangu, pumzi juu.

"Nyawira, ngoja! Usiende hivyo!"

"Niende vipi basi, Sele? Kwa wimbo?"

"Unafikiri nampenda huyu? Unafikiri simaanishi? Ngoja nikuonyeshe. Ngoja uone ni nani ninayemtaka!"

Alikuwa amechanganyikiwa, macho mekundu, kofia imeenda upande. Akageuka, akamnyoshea Amida kidole, na akasema kwa sauti ambayo hata wapiga dufu waliisikia:

"Amida binti Samir, nimekuacha!"

Dufu likanyamaza. Sijui kama limewahi kunyamaza harusini kabla ya siku ile. Nilisikia maharage yakichemka kule uwanjani. Mwanamke mmoja alisema "Ya Allah" taratibu, kama anamwambia mtu aliyelala. Mama Sele alirudi nyuma hatua mbili, akatafuta ukuta kwa mkono, hakuupata, akaketi chini sakafuni na leso yake mpya.

"Umesema nini?" akauliza. "Sele. Umesema nini?"

"Nimemuacha." Alikuwa anahema. "Basi. Imeisha. Hatujalala pamoja, hakuna kilichoharibika. Kila mtu aende kwao."

"Hatujalala pamoja!" mama akarudia. "Unajua maana yake? Hana hata eda, kijana! Huwezi kumrudia kesho ukasema ulikasirika. Limekatika papo hapo. Ukimtaka ni mpaka urudi kwa baba yake umpose upya, na Samir ni mtu wa bucha, atakupokea na shoka. Maji yamemwagika, Sele. Maji yamemwagika mbele ya mtaa mzima!"

Amida alinyanyua mkono, akaushusha ule mtandio. Ndiyo mara ya kwanza kumwona uso. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, na wamempaka wanja vizuri sana, kazi ya mtu aliyekesha. Hakulia. Alituangalia mmoja mmoja, mpaka akafika kwangu, akaniuliza mimi, kama vile mimi ndiye niliyekuwa mkubwa pale:

"Sasa nitamwambia baba nini?"

Nilijisikia baridi mpaka kwenye meno. Dakika chache kabla, pale kwenye gunia, kama mtu angeniuliza unataka nini duniani, ningesema nataka huyu msichana asiwe mke wa Sele. Nimeletewa. Nimepewa mbele ya mashahidi. Na kule kupewa kwenyewe kulinitisha kuliko kitu chochote kile siku ile.

Sele alikuwa amenikaribia. Alikuwa anatabasamu, kweli kabisa, tabasamu la mtoto aliyetoa mwiba mwenyewe. Akaninyoshea mkono.

"Umeona? Twende sasa. Twende kwa baba yako leo leo, nitapiga magoti. Halafu Zaid tutamwambia mke ni wewe. Unasilimu kesho, tunasoma nikah jioni, Zaid anajua watu wa pasipoti. Nafasi bado ipo, Nyawira, hiyo nafasi ya mke. Tunabadilisha jina tu. Tunaenda pamoja, mimi na wewe!"

Mimi na wewe, ndege moja, nyumba moja. Nimeota ndoto hiyo usingizini na nikiwa macho. Saa moja iliyopita angesema maneno hayo ningeruka mpaka dari, ningeenda Jeddah na nguo nilizovaa.

Nikaangalia ule mkono wake. Nyuma ya ule mkono Amida alikuwa amesimama palepale, hakuna aliyemwambia akae.

"Zahra," nikasema, "mpe huyu dada kiti. Na maji."

"Nyawira, umenisikia?" Sele akauliza.

"Nimekusikia."

"Basi shika mkono."

"Tajiri anataka mke, unatafuta mke Ruiru. Mke wa Ruiru anakuletea shida, unamtoa, unaweka mwingine. Unabadilisha jina tu." Sauti yangu ilikuwa inatoka kwa utulivu ambao sijui ulitoka wapi, maana mimi huwa napiga kelele. "Na mimi nikikuletea shida kule, Sele? Nikipika chakula kikaungua siku uliyogombezwa na tajiri wako? Kule sina baba, sina Zahra, sina lugha. Mlango utakuwa wapi?"

"Wewe si yeye! Wewe nakupenda!"

"Najua unanipenda."

"Nimefanya hivi kwa ajili yako!"

"Nimeona ulivyofanya."

Akanishika mkono kwa nguvu, na wanaume wawili waliokuwa wanachungulia mlangoni wakatazama pembeni. Alikuwa analia sasa, Sele wangu, dereva wa malori, analia mbele ya mama yake bila aibu. Niliinua mkono wangu wa pili nikamfuta shavu. Siwezi kueleza kwa nini. Nilimpenda. Nilimpenda hata pale, hata sasa ninavyosema nalisikia lile penzi hapa kifuani, na kama kuna dawa yake sijaiona katika duka lolote Thika.

"Basi niambie kwa nini," akasema. "Kama unanipenda, niambie kwa nini huji."

"Kwa sababu nilikuwa nimesimama hapa," nikamwambia. "Nimekusikia ukisema."

Nikatoa mkono wangu kwenye wake. Wanawake wa uwanjani wakanipisha njia, wakiwa wamefunika midomo kwa leso, hakuna aliyesema pole, hakuna aliyesema kwaheri. Aliniita mpaka nikafika lango. Aliniita hata nilipokuwa nimeshika barabara ya kupanda Ngoingwa, kwa baba ambaye naye nilikuwa na neno lake. Sikugeuka. Ninajijua mimi, ningegeuka, ningerudi.